Barua ya wazi: Karatasi peke yake haitufikishi kwenye kikundi

Kwenu wakuu wa hospitali na vituo vya afya, maofisa wa ustawi wa jamii, na viongozi wa mitaa yetu,

Nawasalimu kwa heshima. Sitaandika jina langu chini ya barua hii, wala sifanyi hivyo kwa kuwaogopa. Katika vikundi vyetu kutotajana majina ni amana ambayo kila mmoja anamtunzia mwenzake, na anayekuja mara ya kwanza huipima hiyo kabla hajapima kitu kingine. Inatosha mjue kwamba mimi ni mwanamke, ni mama wa watoto wawili, nilikuwa mraibu wa pombe kwa miaka tisa, na leo nina miaka sita na miezi minne sijaigusa. Kwa miaka minne sasa mimi ndiye ninayeshika simu ya kikundi chetu cha kusaidiana. Mtu akitaka kuacha pombe na akabahatika kuipata namba yetu, mimi ndiye ninayepokea.

Neno hilo, kubahatika, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mnawaambia wagonjwa wenu waende kwenye vikundi, na mnafanya vyema kuwaambia. Ila mkishawaambia mnawapa karatasi na mnawaaga. Kati ya karatasi ile na kiti kilicho wazi kwenye chumba chetu kuna njia ambayo wengi hawaimalizi, na mimi mwenyewe mara ya kwanza sikuimaliza. Naomba mnivumilie niwasimulie, kwa sababu nikisema tu kwamba "rufaa zina kasoro" mtanielewa kikazi, na mimi nataka mnielewe zaidi ya hapo.

Niliruhusiwa kutoka wodini siku ya tano. Nilikuwa nimeingizwa usiku, nimeanguka degedege nyumbani mbele ya binti yangu, siku moja na nusu baada ya kujaribu kuacha pombe ghafla bila kumwambia mtu. Wodini nilitunzwa. Nilipewa diazepam, dawa ya kutuliza mwili na kuzuia degedege, nikachomwa sindano za vitamini B1, na muuguzi mmoja alikuwa akija kunishika mikono ilipokuwa ikitetemeka hadi kikombe kinamwagika. Sina lawama kwake hata chembe. Asubuhi ya kuondoka alinipa karatasi, fotokopi ya fotokopi, herufi zimefifia hadi nyingine nilikuwa nazikisia. Ilikuwa na mistari mitatu. Mmoja aliuzungushia wino wa bluu akaniambia, "Dada, ukitoka hapa usikae peke yako. Tafuta kikundi, leo hii."

Nilifika nyumbani nikakaa kitandani nikapiga. Namba ya kwanza haikupatikana. Ya pili aliipokea mwanamume, nikamweleza kwa kujikongoja kwamba natafuta kikundi cha watu wanaoacha pombe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba laini ile aliinunua mwaka uliotangulia na hajui lolote. "Pole sana dada," akasema. "Wewe ni wa tatu mwezi huu."

Nimelifikiria neno la mtu yule mara nyingi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasikia. Watu watatu ndani ya mwezi mmoja walikusanya ujasiri wao wote, wakapiga, wakampata mtu asiyehusika. Walio juu ya karatasi ile hawakujua. Aliyeichapa hakujua. Aliyejua ni yeye peke yake, na hakuwa na pa kupeleka habari hiyo.

Mstari wa tatu haukuwa na simu. Ulikuwa na jina la jengo, siku na saa. Siku ilipofika nilioga, nikavaa vizuri, nikaenda. Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi aliniuliza shida yangu, nikamjibu kwa sauti ya chini, naye akarudia kwa sauti ya juu ili ahakikishe amenisikia: "Wale wa ulevi? Walishahama zamani hao!" Watu waliokuwa wanapita waligeuka. Nilikuwa bado nimeishika ile karatasi mkononi. Njia ya kurudi kwangu ina baa mbili. Ya kwanza niliipita.

Ilichukua miezi saba nijaribu tena. Miezi saba kwa mraibu si muda wa kusubiri tu. Ndani ya miezi ile nilipoteza kazi, na binti yangu alihamia kwa shangazi yake.

Kilichonifikisha hatimaye hakikuwa karatasi. Alikuwa mama wa mtoto anayesoma na mwanangu. Alinikuta nimekaa nje ya shule, akaona hali yangu, hakuniuliza maswali. Alitoa simu yake palepale akampigia mtu anayemjua, akazungumza naye kidogo, kisha akanipa mimi. Sauti ya mwanamke ikaniambia: "Unaweza kuja leo? Saa kumi na mbili jioni. Nitasimama nje ya geti, nimevaa koti la kijani. Ukifika usimuulize mtu yeyote, njoo moja kwa moja kwangu." Nilikwenda. Alikuwa amesimama pale pale alipoahidi.

Mtasema kwamba hiki ni kisa cha mtu mmoja. Basi tazameni kilichopimwa. Mwaka 1981 watafiti wawili, Sisson na Mallams, walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 20 wenye tatizo la pombe. Nusu yao walipewa maelezo ya kawaida: kikundi kipo wapi, kinakutana saa ngapi, nendeni. Kwa nusu ya pili, mshauri alimpigia mwanachama wa kikundi simu mgonjwa akiwa amekaa mbele yake, wakazungumza wawili hao, na mwanachama akakubali kwenda naye mkutano wa kwanza. Wote waliounganishwa kwa simu walihudhuria. Katika wale waliopewa maelezo, hakwenda hata mmoja. Ni watu 20 tu, najua, na hakuna anayejenga sera juu ya watu 20 peke yao. Lakini mimi niliposoma matokeo yale nililia, kwa sababu nimewahi kuwa kwenye nusu zote mbili.

Na kama mnajiuliza iwapo vikundi vyenyewe vinastahili usumbufu huu, mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Yalionyesha kwamba programu zilizopangwa vizuri za kuwaunganisha watu na Alcoholics Anonymous, ule umoja wa vikundi vya kusaidiana kuacha pombe tunaouita AA, zilisaidia watu wengi zaidi kubaki bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zinazotambulika: baada ya mwaka mmoja, asilimia 42 dhidi ya asilimia 35. Angalieni maneno hayo, "programu za kuwaunganisha". Aliyepimwa si mtu aliyetajiwa jina la kikundi akaachwa aende zake. Ni mtu aliyeshikwa mkono akaelezwa, akapelekwa, akafuatiliwa.

AA yenyewe ilizaliwa kutokana na mtu aliyekuwa anatafuta namba ya simu. Mwezi Mei 1935 Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alikuwa Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Biashara yake ilikuwa imeharibika, alikuwa na miezi michache tu bila pombe, na kutoka pale alipokuwa amesimama hotelini alisikia watu wakinywa na kucheka baa. Aliogopa. Ukutani palikuwa na orodha ya makanisa na simu zake. Akaanza kupiga, akimtafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, na alipigiana simu na watu kadhaa kabla ya kumpata mwanamke aliyemkutanisha na daktari wa upasuaji, Robert Smith, ambaye naye alikuwa anateswa na pombe. Daktari alikubali kumpa dakika 15. Walizungumza zaidi ya saa sita. Tarehe 10 Juni mwaka huo, siku ambayo daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo AA huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwake.

Huwa najiuliza ingekuwaje kama orodha ile ya ukutani ingekuwa na namba zilizokufa.

Sasa nawaeleza kwa nini orodha zenu zinakufa, maana sidhani ni uzembe, na mkilijua tatizo mtaweza kulitibu. Vikundi vyetu havina ofisi. Havina mkurugenzi wala karani. Huduma tunapokezana: mmoja anafungua mlango na kupanga viti, mwingine anashika simu, na baada ya muda tunabadilishana. Namba iliyopo kwenye karatasi mara nyingi ni namba ya mtu, si ya kikundi. Mtu huyo akihama, akiugua, au akirudi kunywa, namba inaondoka naye. Chumba nacho ni cha kuazima au cha kukodi kwa hela kidogo, kwa hiyo mwenye jengo akikitaka tunahama, na tukihama hatuna gazeti la kutangazia. Orodha ya vikundi ni kitu kinachooza. Ukiichapa leo ukaiweka kwenye faili, baada ya mwaka utakuwa unagawa vitu vilivyooza kwa watu wagonjwa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo kuliko mnavyodhani. Katika kila kituo mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake, kwa kuandikwa kwenye majukumu yake, ni kuitunza orodha hiyo. Kila mwezi apige namba zote. Kila miezi mitatu aende kwa miguu yake aone kama geti liko wazi siku iliyoandikwa. Juu ya karatasi iandikwe tarehe aliyoihakiki, na namba iliyokufa iondolewe siku hiyohiyo. Orodha yenye vikundi viwili vilivyo hai ina faida kuliko yenye kumi visivyohakikiwa. Na jukumu liambatane na cheo, lisiambatane na moyo wa mtu. Nimeona vituo ambako orodha ilikuwa nzuri kwa sababu tu kulikuwa na muuguzi mmoja anayejali, na alipohamishwa ikafa ndani ya miezi mitatu.

La pili ni ile simu. Mgonjwa akiwa bado yuko mbele yenu, amekaa kwenye kiti, pigeni. Wengi wenu mnatumia yale maswali 10 ya AUDIT, kipimo cha unywaji wa pombe, yaliyoandaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Alama zikifika 20 mnajua kwamba huenda mtu huyo tayari ni tegemezi wa pombe. Kuuliza maswali yale kunachukua dakika chache. Ongezeni dakika tano: "Je, uko tayari nimpigie mtu aliyepitia hali kama yako, uzungumze naye hapa hapa?" Akikataa, mheshimuni, mumuulize tena siku nyingine. Akikubali, mpeni simu, kisha nyamazeni. Sisi tutafanya yaliyobaki. Tutamuuliza anaweza kuja siku gani, tutamwambia tumevaa nini, tutasimama getini. Asipotokea tutampigia jioni hiyo, mara moja, bila kumsumbua.

Nisimame kidogo hapa niwaambie simu ya mtu mgeni inavyokuwa, kwa sababu nimepokea nyingi. Kwanza kuna ukimya. Wengine wanakata, na nimejifunza kutowapigia palepale. Nahesabu dakika kadhaa, maana mara nyingi hupiga tena wenyewe. Kisha huja sauti inayosema "samahani", na hawalitaji neno pombe. Wanasema "ile shida", "hayo mambo", au wanadai wanamuulizia ndugu. Maswali yao karibu kila siku ni yaleyale. Nitaandikishwa jina? Hapana, hatuna daftari la wanachama. Kuna kiingilio? Hapana, kinapitishwa kikapu na asiye nacho hatoi. Nitalazimishwa kusema mbele za watu? Hapana, unaweza kukaa kimya mwezi mzima. Lazima niwe nimeshaacha? Sharti pekee la kujiunga na AA ni nia ya kutaka kuacha kunywa. Kijana mmoja aliniuliza kama lazima avae viatu vya kufunga, kwa sababu alikuwa ameuza vyake na amebaki na ndala. Nilimwambia aje na ndala. Alikuja, na kwa wiki mbili nzima za mwanzo alikaa amekunja miguu chini ya kiti. Majibu haya yaandikeni kwenye karatasi yenu, kwa herufi zinazosomeka. Yatamwondolea mtu nusu ya hofu kabla hajagusa simu.

Tafadhali msiandike kikundi cha aina moja tu. Mimi AA imenifaa. Wapo ambao lugha yake ya Mungu, hata ikisemwa "kama kila mmoja anavyomwelewa", inawafukuza tangu mlangoni, na sitaki wafe kwa sababu ya hilo. SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, haitumii Hatua 12, zile ngazi za kupona ambazo AA huzifuata, na inafundisha mbinu za kutawala fikra na hamu. Women for Sobriety, ya wanawake tupu, ilianzishwa mwaka 1975. Msalaba wa Buluu ulianzishwa Geneva tangu mwaka 1877, na una msingi wa Kikristo. Ndugu wa mlevi nao wana Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, na huyu ndiye mnayemsahau kila siku: mke aliyekaa kwenye benchi la nje, mama aliyelipa bili, mtoto. Binti yangu alihitaji mahali pa kusema aliyoyaona usiku ule, na hakuna aliyempa hata ile karatasi iliyofifia. Palipo na mikutano ya simu au ya intaneti iandikwe pia, hasa kwa anayeishi mbali, au aliyelazwa, au asiyeweza kutoka usiku. Mimi bado namhimiza mtu aje chumbani akiweza, kwa sababu mtandaoni ni rahisi kuzima kamera na kubaki na chupa.

Kuhusu wanawake naomba mnisikilize zaidi kidogo. Tunakunywa kwa kujificha kuliko wanaume, kwa hiyo tunakuja tukiwa tumechelewa na tumeumia zaidi. Mama anaogopa kwamba akisema hadharani atanyang'anywa watoto. Saa ya mkutano nayo inampiga chenga: saa mbili usiku watoto wanalala, na mume, kama yupo, anauliza unakwenda wapi. Tulipohamishia mkutano mmoja saa nne asubuhi, na mwenzetu mmoja akajitolea kukaa na watoto chumba cha pili, walianza kuja wanawake ambao hatukujua kama wapo. Chumba cha saa nne asubuhi ndicho kigumu kupatikana, maana asubuhi majengo yote yana shughuli. Nyie mna vyumba.

Hapo nimefika kwenye ombi la tatu, viongozi wa mitaa, na hili ni lenu hasa. Hatuombi fedha. Kwa desturi yake AA haipokei michango kutoka nje, hujitegemea kwa kile wanachama wanachotoa wenyewe, kwa hiyo hata mkitenga fungu hatuwezi kulichukua. Tunachoweza kupokea ni chumba cha kukodi kwa bei ambayo kikapu chetu kinaiweza, siku ileile na saa ileile, kwa mkataba usiovunjwa kwa taarifa ya jana. Ukumbi wa mtaa, darasa baada ya vipindi, chumba cha mikutano cha kituo cha afya jioni. Uwe mahali ambapo mtu akionekana anaingia hajulikani anaendea nini. Kikundi kilichokaa sehemu moja miaka mitano hata walevi wa barabarani wanajua kilipo, na hao ndio wanaowaelekeza wenzao kuliko kipeperushi chochote.

Na walinzi wenu, tafadhali, wafundisheni. Mtu akiuliza kikundi, aelekezwe kimya kimya kama anayeuliza choo. Sitaki kumlaumu yule wa kwangu. Hakuna aliyemwambia.

Najua baadhi ya madaktari wanatutilia shaka, wakihofu kwamba tutawaambia wagonjwa watupe dawa. Hofu hiyo ina sababu, kwa maana wapo wanachama waliowahi kufanya hivyo, na walikosea. Msimamo wa AA ni kwamba mwanachama asijifanye daktari. Dawa za kupunguza hamu ya pombe, naltrexone na acamprosate, ziliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ndani ya kikundi chetu wapo wanaozitumia na hakuna anayewanyooshea kidole. Sisi nasi tunawahitaji nyie. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu akiacha ghafla anaweza kuanza kutetemeka na kutokwa jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege linaweza kumkamata ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili au ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, akaona visivyokuwepo, na bila matibabu akafa. Sisi hatuna dripu wala kitanda. Mtu wa namna hiyo akinipigia, namwambia asiache peke yake nyumbani, aje kwenu kwanza. Mara mbili nimempeleka mtu mwenyewe usiku, na mara moja tuliambiwa mapokezi kwamba kituo hakipokei walevi, arudi akiwa mzima. Tulikwenda kituo kingine. Alipona. Nawaombeni neno hilo lisitamkwe tena kwenye mapokezi yoyote, kwa mtu yeyote, saa yoyote.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, linakadiria kwamba watu milioni 400 duniani wana matatizo ya kiafya yatokanayo na matumizi ya pombe, na kati yao milioni 209 ni tegemezi. Vifo vilivyosababishwa na pombe mwaka 2019 vilikuwa milioni 2.6. Tarakimu kubwa namna hiyo humfanya kiongozi aseme jambo hili linahitaji mpango mkuu, kamati, bajeti. Huenda linahitaji. Ila ninachokiomba hakisubiri bajeti. Ni jina la mtu mmoja kwa kila kituo, simu ambayo tayari iko mezani, na chumba ambacho jioni hakina mtu.

Nilipoanza kushika simu ya kikundi, jambo la kwanza nililofanya ni kumpigia yule bwana aliyeinunua ile laini. Nilikuwa bado naijua namba kwa kichwa. Nikajitambulisha, nikamwambia sasa kuna mahali pa kuwaelekeza. Akaniomba nimtumie namba yetu. Kwa miaka miwili mfululizo walikuwa wanakuja watu wanasema, "Kuna mtu nilimpigia kwa makosa, akanipa namba hii." Tumewapata watu wanne kwa njia hiyo, na mmoja wao leo ndiye anayepanga viti. Bwana yule hakuwa na wadhifa wowote wala hakulipwa na mtu.

Pamoja na barua hii nimepeleka mapokezi ya kila kituo kilicho karibu nasi orodha ya vikundi tunavyovijua, nilivyovipigia na kuvitembelea mwenyewe, ikiwa na siku, saa na jinsi ya kufika. Tarehe ya kuhakikiwa iko juu kulia, na chini yake nimeacha mstari mtupu wa jina la mtu atakayeitunza. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, nitapita kuuliza ni nani.

Wenu katika kazi hii,

Mshika simu wa kikundi